Kichuguu cha Nyar Gwasi

Baba mdogo Ojwang' aliponiuliza kama najua mahali malkia wa mchwa anapolala katika kichuguu cha mama, ningeweza kusema sijui, naye angeniamini, kwa maana hakuna anayemshangaa mtoto asiyejua jambo. Lakini nilisema ndiyo, najua, nikanyoosha kidole. Mpaka leo, nikipita mahali udongo umetoka kuchimbwa, uwe wa kaburi au wa msingi wa nyumba, pua yangu huitafuta harufu ya siku ile: udongo wenye joto, uliochanganyika na kitu kama pombe iliyoanza kuchacha na uyoga mbichi. Ni harufu ya tumbo la kichuguu. Mtu haisikii mpaka alipasue.

Boma letu lilikuwa Nyatike, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka machimbo ya zamani ya dhahabu ya Macalder. Nyuma ya nyumba ya mama ulianza msitu. Watu ambao hawajakaa kwetu hudhani msitu huwa kijani mwaka mzima. Wetu ulikuwa unavua nguo. Kiangazi kilipokaza, majani ya miti ya milama yaligeuka rangi ya shaba, kisha yakaanza kuanguka, kwanza moja moja, halafu kwa makundi, hadi tukaweza kuwaona mbuzi wetu kutoka mlangoni wakiwa mbali kabisa ndani ya miti. Ukitembea, kila hatua ililia kama mtu anayetafuna mahindi ya kukaanga. Hukuweza kumnyemelea hata panzi. Katikati ya miti hiyo iliyobaki mifupa kulikuwa na kichuguu kirefu kuliko baba akiwa amevaa kofia, na juu yake ulikuwa umeota mkwaju ambao haukuvua majani yake yote hata mwaka mbaya. Mama alisema mkwaju ule ulikuwa unakunywa maji ya mchwa. Jioni, kivuli kilipoingia, mchwa walitoka chini ya vijia vyao vya udongo wakakata majani makavu vipande vipande na kuyabeba. Haba na haba. Mvua ilipokaribia, chini ya miti palikuwa peupe kama uwanja uliofagiliwa kwa ajili ya wageni.

Mama aliitwa Nyar Gwasi, yaani binti wa Gwasi, kwa sababu alitoka Magunga, upande wa Homa Bay, na kwetu mke huitwa kwa jina la kwao hata akae miaka hamsini. Kichuguu kile alipewa na nyanya, mama yake baba, mwaka alioolewa. Kila kichuguu kwetu kilikuwa na mwenyewe, na watu waligombania vichuguu kama wanavyogombania mipaka ya mashamba. Mvua za kwanza za masika zilipopiga usiku, asubuhi uyoga ulikuwa umepasua ardhi, mweupe, wenye kofia pana na mguu mrefu unaozama chini hadi usipojua unaishia wapi. Mama alikuwa na masharti yake. Usiung'oe kwa pupa, uzungushe taratibu. Tundu ulifunike kwa udongo na kiganja. Uliokwisha kufunguka kama mwavuli uuache, huo si wako. Na upande wa jua linapotua usikanyage kabisa. Siku moja alinishika mkono akauweka pale, asubuhi ya baridi. Udongo ulikuwa na joto kama paji la uso la mtoto mwenye homa.

"Hapo ndipo mama yao alipo," aliniambia. "Ukimsumbua huyo, umefunga jiko."

Alijua jinsi mambo yalivyofungamana pale, ingawa hakuwa amekaa darasani. Alisema mti unamlisha mchwa majani, mchwa anaulisha uyoga, uyoga unamlisha mchwa na sisi pia, na kichuguu kinaurudishia mti udongo wenye rutuba. Nyanya, aliyekuwa akikausha uyoga juu ya ungo, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na sisi, Nyar Gwasi, tunamlisha nani?" Mama akasema hajui. "Viroboto," nyanya akajibu, na wote wawili wakacheka mpaka ungo ukamwagika. Naandika hili ili ijulikane kwamba wanawake hawa wawili walipendana. Yaliyofuata hayakutoka kwenye chuki ya zamani.

Mwaka ninaousimulia mvua zilichelewa. Baba alikuwa Kericho, akichuma majani chai. Ghala lilikuwa limebaki na vumbi na panya, na macho ya kila mtu yalikuwa kwenye mawingu na kwenye vichuguu, maana uyoga hutangulia mahindi kwa miezi, na kitoweo hicho ndicho kilichotuvusha kila mwaka. Ndipo baba mdogo Ojwang' akarudi kutoka machimboni na karai moja, sururu moja na hadithi nyingi. Alikuwa mtu wa kupendwa. Aliweza kumwiga chifu akitembea. Aliniita "Bwana mkubwa" mbele ya wavulana wenzangu, na kwa jina hilo angeweza kunituma popote.

Aliniambia siri ya wachimbaji wa zamani. Mchwa, alisema, huteremka chini sana kutafuta maji, chini kuliko shimo lolote la binadamu, na kila anapopanda hubeba chembe ya udongo wa huko mdomoni. Kwa hiyo mchimbaji mwenye akili, kabla hajapoteza nguvu zake kwenye mwamba, huosha kwanza udongo wa kichuguu. Alikuwa tayari amechota udongo kidogo ubavuni mwa kichuguu cha mama, akauosha kijitoni, na chini ya karai palibaki alama ya njano. Aliniita nione. Ilikuwa ndogo kama jicho la siafu, lakini iling'aa.

Juma hilohilo mama aliitwa kwao Magunga kumzika baba yake. Alimfunga mgongoni mdogo wangu wa kike, akaniachia mbuzi na kichuguu, akaondoka. Siku ya pili baba mdogo akanijia.

"Bwana mkubwa, udongo mzuri uko katikati, karibu na malkia. Lakini askari wake wanauma vibaya. Tukimtoa yeye kwanza, wengine wote wanachanganyikiwa, tunachimba kwa amani. Unajua analala wapi?"

Niliangalia njia aliyopita mama.

"Au hujui? Basi si neno. Nitamuuliza Okeyo, yule mtoto wa jirani. Yeye ni mwanaume."

"Najua," nikasema.

Alichimba upande wa jua linapotua. Sururu ilidunda mara chache juu ya ukuta mgumu, kisha ikazama ghafla, na harufu ile niliyoitaja ikatupiga usoni kama mlango wa jiko uliofunguliwa. Ndani kulikuwa na vyumba, na ndani ya vyumba vitu kama ubongo wa mbuzi, vya rangi ya kijivu, vimejaa vitone vyeupe. Sikujua kwamba zile ni bustani. Baba mdogo alizitupa kando kwa mguu. Askari wa mchwa walitoka wakamng'ang'ania viganjani hadi damu ikatiririka, naye akawa anawapangusa kwenye suruali huku akitukana kwa sauti ya chifu ili nicheke. Nami nilicheka. Kisha akafikia chumba kigumu kama kibuyu, akakivunja. Malkia alikuwa mnene kuliko kidole gumba changu na mrefu mara mbili yake, mweupe, akipumua mwili mzima kama anayevuta pumzi ya kulia. Watoto wake walimzunguka wakimlamba, hawakumwacha hata baba mdogo alipomwinua juu. Alimtupia kuku aliyekuwa ametufuata kutoka bomani. Kuku alimdonoa, akarudi nyuma, akamdonoa tena.

Wakati wa kukata mizizi ya mkwaju iliyoziba njia, panga liliteleza likamjeruhi baba mdogo vidole viwili vya mkono wa kushoto. Alivifunga kwa kitambaa kilekile alichopangusia jasho na udongo, tukaendelea. Tulisomba udongo hadi kijitoni mpaka jua likatua. Chembe tulizopata hazikuweza kujaza ukucha. Jioni tuliziba shimo kwa mawe na matope, tukayalainisha kwa viganja.

Mama aliporudi, alikwenda kwenye kichuguu chake kabla hata hajanywa maji. Nilimwambia muhanga alikuja usiku akachimba. Mnyama huyo alikuwepo kwetu wakati ule, na ni kweli hula mchwa. Mama alipitisha mkono juu ya matope yetu.

"Muhanga wa mwaka huu," akasema, "anajua kufunga mlango."

Alinitazama. Nikaangalia mbuzi.

Mvua zikaja hatimaye. Kwenye vichuguu vya majirani uyoga ukatoka kwa wingi kiasi cha watu kuitana kwa vifijo. Kwetu hapakutoka kitu. Mama alikwenda kila asubuhi na kikapu, akarudi nacho kitupu, na tulikula mboga za mwituni bila chochote. Wakati huo baba mdogo alikuwa amelala nyumbani kwa nyanya na homa. Aliwaambia watu aliumia machimboni. Mkono ulikuwa umevimba, na vile vidole viwili vilikuwa vyeusi kuanzia kwenye kucha kwenda juu, vikitoa harufu iliyowafanya wageni wasimame nje.

Kisha ikaja asubuhi ile. Nilisikia ukelele wa nyanya kutoka msituni, nikakimbia nikidhani ni nyoka. Nyanya alikuwa amekaa chini matopeni, ameshika mdomo. Kichuguu kilikuwa kimeota vidole. Sina neno lingine hata leo. Pale tulipoziba, na katikati ya mizizi ya mkwaju, na ubavu wote wa upande ule, vilikuwa vimesimama vidole vyembamba, vyeusi tititi, vigumu, vyenye ncha nyeupe kama kucha. Vingine vilikuwa vimepinda kwenye kiungo. Vilichomoza kwa mafungu, kama kwamba watu wengi waliofukiwa hai walikuwa wanajaribu kutoka kwa pamoja. Nilijikojolea. Sijawahi kuogopa hivyo tena maishani, na nimeona mengi.

Haikuchukua muda watu kuunganisha vidole na vidole. Vile vya Ojwang' vilikuwa vinaoza ndani ya nyumba; na hivi, vyeusi vilevile, vilikuwa vinaota kwenye kichuguu cha shemeji yake. Yaye! Nani alikuwa mwenye kichuguu? Nani alikuwa ametoka Magunga juzijuzi, kwa watu wa milimani wanaosemwa kuwa na dawa kali? Kufika mchana, wazee wa ukoo na wanawake wa boma walikuwa wamekizunguka kichuguu, na neno janawi, mchawi, lilikuwa linapita kwa sauti ya chini kutoka mtu hadi mtu.

"Nyar Gwasi," nyanya alisema akilia, na naamini alikuwa akiomba ajibiwe vizuri, "umempanda mwanangu ardhini?"

"Mama, mimi ningempandaje? Mimi nilipanda maharagwe tu."

"Kikulacho ki nguoni mwako," mzee mmoja akaguna.

Wakaitana wamlete baba mdogo. Akaletwa ameegemea watu wawili, akaviona vile vidole, na uso wake ukawa kama majivu. Nilitegemea yeye aseme. Alikuwa mtu mzima na alijua tulichofanya. Lakini sasa naelewa kwamba yeye aliogopa kuliko wote, kwa sababu alijua alikuwa ameiba, na aliamini kweli kwamba kichuguu kilikuwa kimemshika mwizi wake. Mwizi aliyeshikwa na dawa haanzi kwa kuungama. Huanza kwa kumkimbia mwenye dawa. "Mwondoeni huyo mwanamke," alisema. "Mwondoeni nipone."

Mzee mmoja akauliza kama kuna yeyote aliyekigusa kichuguu mama alipokuwa safarini. Lilikuwa swali zuri na la haki. Mama aligeuza kichwa akanitazama, si kwa hasira. Alinitazama kama anayemsubiri mtoto amalize kufunga kamba ya kiatu. Nilitazama chini. Mama alisubiri kidogo zaidi.

"Ni muhanga," akasema. "Mtoto alinieleza."

Alinifunika. Angeweza kuniweka mbele ya wale watu kwa sentensi moja, lakini alijua mtoto aliyetajwa katika jambo la namna hiyo hubaki nalo. Akafunga mzigo wake, akambeba mdogo wangu. Mimi nilikuwa mtoto wa kiume wa boma, nikabaki. Alipinda kwenye njia ya ng'ombe bila kugeuka. Baba mdogo alipelekwa hospitali ya misheni, wakamkata vile vidole viwili, akapona, na kupona kwake kukawa ushahidi. Baba aliporudi kutoka Kericho, aliketi jioni nzima mbele ya nyumba ya mama, na kesho yake akaambiwa na ndugu zake asiende kumfuata mtu aliyetaka kumla ndugu yao. Hakwenda. Kichuguu kililainika kwa mvua, kikaporomoka upande. Majani ya kiangazi kilichofuata yalilala chini ya miti bila mtu wa kuyabeba, yakashika moto wa wachoma mkaa, na mkwaju ukaungua mizizi.

Nilipofika kidato cha pili, mwalimu wetu wa biolojia, mtu mwenye kikohozi na sauti ndogo, alitufundisha somo la viumbe wanaoishi kwa kutegemeana. Alichora kichuguu ubaoni. Alisema mchwa ni wakulima. Hutafuna majani makavu wakayafanya bustani, na juu yake hukuza aina moja tu ya uyoga, ambao huwasagia chakula ambacho matumbo yao hayawezi. Mchwa asingeishi bila uyoga huo, wala uyoga huo bila mchwa. Akasema ndani ya bustani hiyohiyo hulala mbegu za kuvu nyingine, mgeni mvumilivu, ambayo mchwa huipalilia mchana na usiku isiote. Malkia akifa, kizazi kinakwisha, palizi inakoma, na yule mgeni anaamka. Hupanda juu mvua zikinyesha. "Ni nyeusi," alisema akigeuka kutuangalia, "na mara nyingi inafanana na vidole."

Darasa lilicheka. Mimi nilisimama bila kuombwa. Mwalimu aliniuliza kama ninaumwa, nikasema ndiyo. Jasho lilikuwa limelowesha daftari. Niliona kila kitu kwa pamoja: bustani alizozipiga baba mdogo kwa mguu, kuku akidonoa, matope yetu laini, mama akisubiri. Wakati wazee wanatafuta mchawi, jibu lote lilikuwa mdomoni mwangu, na nilikuwa nimelifunga kwa meno.

Likizo ilipoanza sikwenda nyumbani. Nilikwenda Magunga moja kwa moja, nikipanga maneno njiani. Mjomba, kaka yake mama, alinikuta langoni. Hakunikaribisha kuketi. Alinitazama muda mrefu, kwa mshangao, kisha akaniuliza, "Ina maana baba yako hakukuambia?"

Mama alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, kwa homa ya mapafu. Mjomba alikuwa amepeleka habari kwetu Nyatike ili mwili uchukuliwe, kwa kuwa mwanamke aliyeolewa na mahari ikalipwa huzikwa kwa mumewe, na binti aliyeolewa hazikwi ndani ya boma la kaka yake. Wazee wetu walijibu kwamba hawawezi kurudisha vidole vile nyumbani. Basi mjomba alimzika nje ya boma, ng'ambo ya ua wa minyaa, mahali ambapo hapajengwi na hapalimwi. Alinionyesha. Palikuwa na majani marefu na mbuzi aliyefungwa kamba.

Hapo ndipo niliposema, kwa sauti, mara ya kwanza. Mjomba alinisikiliza hadi mwisho. "Hayo," alisema, "ungeyasema kule."

Niliyasema kule. Nyanya alikuwa amekwisha kupoteza kumbukumbu, akanisikiliza akitabasamu. Baba alisema maji yakimwagika hayazoleki, akatoka nje. Baba mdogo alinipa mkono wa vidole vitatu na kuniuliza habari za shule. Sasa wote wamekufa, hata mdogo wangu aliyelelewa kwa mjomba, na mimi ni mzee kuliko yeyote kati yao alivyokuwa wakati ule. Msitu umekwisha, kuna mashimo ya dhahabu yenye nguzo za milama ndani yake, na vijana wanaochimba huja kwangu kununua maji. Nikiwasimulia haya, husema "Pole, mzee," kwa adabu, kisha mmoja wao huuliza kama kile kichuguu kilikuwa na dhahabu kweli. Hawana ubaya. Nami niliuliza hivyohivyo.

Mwaka jana niliwaomba wazee wa sasa turudishe mifupa ya mama nyumbani. Walikubali upesi, kwa sababu hakuna hata mmoja anayemkumbuka. Tulikwenda Magunga. Watoto wa mjomba walikuwa wameuza kile kipande, aliyenunua ameng'oa minyaa akajenga, mimi mwenyewe sikupatambua tena, na hakuna aliyeweza kutuonyesha mahali. Nilisimama barabarani nikiangalia ukuta wa nyumba ya mtu nisiyemjua. Kwa sababu nilijibu ndiyo, kisha nikanyamaza, mama yangu alifukuzwa kwake, akafa akiitwa mchawi, na sijui amelala wapi.